Vidole Vitatu Mlangoni

Nilipewa shilingi 15,000 za kununulia kile kipande cha aluminiamu kinachokandamiza ukingo wa kapeti mlangoni, na sikukinunua. Naanzia hapo kwa makusudi. Kila nilipojaribu kumsimulia mke wangu habari hii nilianzia kwenye gundi, au kwenye vumbi, au kwenye giza lililonikuta kazini, na ile hela nikaiacha mwisho ipite haraka. Nililipia bodaboda, nikala mchana sokoni Mugumu, iliyobaki nikaongezea kwenye viatu vya shule vya mwanangu. Viatu vya mtoto ni kitu cha heri, ndiyo maana vilinisaidia muda mrefu kujiona sina hatia.

Kazi ilikuwa Ringwani, upande wetu wa Wangoreme, wilaya ya Serengeti. Mtu mmoja wa pale, mwenye ajira Mwanza, alimjengea mama yake nyumba ya tofali za kuchoma na sakafu ya saruji iliyopigwa niru hadi ikang'aa. Bibi alikuwa ameishi miaka yote kwenye nyumba ya udongo iliyo nyuma ya hiyo mpya, na ubaridi wa saruji ulimpanda miguuni. Mwanawe akanunua kapeti la manyoya Sirari, mpakani, rangi ya damu ya mzee, akalituma kwa gari, kisha akanipigia: "Fundi, Krismasi tunakuja wote. Nataka tumkute mama sebule yake imekamilika." Akanitumia hela yote kwenye simu, ya ufundi na ya vifaa, kabla sijagusa kitu. Hakuuliza risiti. Kuaminiwa namna hiyo kulinifurahisha siku moja tu. Siku ya pili nilishaanza kupiga hesabu ya nini kinaweza kupunguzwa.

Kapeti husifiwa katikati ya sebule, lakini hufia mlangoni. Katikati halipati shida: kuna meza, kuna makochi, na uzito wake lenyewe unalitosha. Mlangoni kila mguu wa nyumba unapita, na haukanyagi tu, unasukuma. Anayetoka anausukuma ukingo kwa kisigino, anayeingia anaukwangua kwa ncha ya kiatu, ufagio unapenya chini yake kila asubuhi na kuacha mchanga, na mlango wenyewe ukiwa umeshuka unaukuna kila unapofunguliwa. Kwa hiyo pale ndipo gundi nzuri inapotakiwa, pale ndipo penye skrubu na kile kipande cha aluminiamu. Na pale ndipo fundi anapofika mwisho, jua likizama, mgongo ukiuma, akili ikiwa imeshatangulia nyumbani.

Mimi nilikosea mapema zaidi, kwenye kipimo. Ukuta wa tofali za kuchoma ukishapigwa lipu ndani na nje ni mnene, na mlango wa Bibi umekaa ndani ya unene huo, hauko sawa na ukuta wa sebule. Unatakiwa upime mpaka chini ya ubao wa mlango ukiwa umefungwa, ili ukingo wa kapeti ujifiche pale, aliye ndani asiuone na aliye nje asiuone. Nilipima mpaka usawa wa ukuta, nikaongeza kwa macho, nikapitisha kisu. Nilipolivuta, kapeti likakoma vidole vitatu kabla ya kufika.

Nikakata ukanda wa upana huo kutoka kwenye baki, nikauchomeka. Niliona kabisa kwamba manyoya yake yanalala kinyume. Kapeti la manyoya ukilipapasa upande mmoja linateleza na rangi inapauka. Ukilipapasa upande wa pili linakataa mkono na rangi inaiva. Ukiunga vipande viwili vinavyopingana, kiungo kinaonekana hata na mtoto. Ningeweza kukata mwingine. Sakafu nayo sikuipiga msasa, na niru iliyong'aa haishiki gundi kama haijakwaruzwa. Vumbi nililifuta kwa kiganja. Nikapaka gundi, nikaubandika, nikaukanyaga kwa kisigino mara tatu, nne. Ukalala. Bodaboda niliyoiita ilikuwa nje inapiga honi. Nikainama kuchukua begi, na nikiwa nimeinama hivyo nikaiona ncha ya upande wa bawaba ikiinuka. Iliinuka polepole, gundi ikivutika chini yake kama utelezi wa bamia, mpaka ikasimama kimo cha ukucha. Nikaikanyaga tena. Nikazima taa, nikaondoka.

Kukata fupi ni kosa la mkono, na sijaona fundi ambaye mkono haujawahi kumsaliti. Kwa hilo peke yake nisingeandika. Naandika kwa sababu niliiona ncha ile ikiinuka, nikajua itafanya nini, nikaenda kulala.

Krismasi ilipita salama. Watu walikuwa wengi, viatu vikalundikana mlangoni juu ya ule ukanda na kuulaza. Mwezi wa pili, nyumba ikiwa imebaki na watu wake, Bibi alikuwa anatoka sebuleni asubuhi na chupa ya chai mkononi, anampelekea jirani aliyekaa uani. Mguu wa kulia ukaingia chini ya ukingo. Huwa tunaambiana kwamba kujikwaa si kuanguka. Yeye alijikwaa akaanguka, akavuka ngazi zote mbili, na kama afanyavyo kila anayeanguka akautanguliza mkono. Mkono ukavunjika kwenye kifundo. Walimpeleka hospitali Mugumu kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na kijana mmoja wa jirani, akafungwa plasta.

Mwanawe alinipigia baada ya siku mbili. Nilipoona jina lake kwenye simu nilijua, nikaiacha iite mpaka ikakata, akapiga tena. Hakupiga kulalamika. Alinipigia kunipa kazi. "Fundi, mama uzee umemfikia. Naona macho yamepungua, nitamleta Mwanza apimwe. Nilikuwa naomba ukamfungie bomba la kushikia pale kwenye ngazi. Na ukingo wa kapeti lako kale kajukuu kamekuwa katundu, kameubandua pale mlangoni. Nimeagiza kachapwe."

Nikamjibu, "Pole sana, kaka. Wazee wakifika umri huo ni wa kuangalia tu."

Nayakumbuka maneno hayo yote, na sauti niliyoyasemea. Ilikuwa sauti ya upole.

Nikaenda kufunga bomba. Nilichimba zege, nikalisimamisha wima kwa timazi, nikalipaka rangi mara mbili. Sidhani kama nimewahi kufanya kazi safi kuliko ile. Siku nzima nilikuwa napita juu ya ule ukanda kuingia kuomba maji, kuomba kamba, na ulikuwa umeachia zaidi, unachungulia kama mdomo ulio wazi. Begi langu lilikuwa na gundi. Lilikuwa na msasa. Sikuugusa, kwa sababu kuugusa kungekuwa kukiri kwamba ni wangu.

Bibi siku hiyo hakuwa sebuleni. Nilimkuta nyuma, kwenye nyumba yake ya zamani, amepiga magoti anasiriba sakafu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kanga. Alikuwa na beseni la udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, anachota, anamwaga, anaupitisha mkono kwa mizunguko mipana, akitokea ukutani kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Alipofika mlangoni hakukata. Mkono uliendelea kuvuka kizingiti, ukatoka nje, ukamalizia uani huku safu ikizidi kuwa nyembamba mpaka ikawa ardhi tu. Nilisimama pale nikitazama kazi ya sakafu isiyo na ukingo, imefanywa na mtu wa mkono mmoja.

"Kule kwenye kapeti siku hizi sikai sana, mura," aliniambia bila kuacha kusiriba. "Miguu yangu haioni tena. Hapa inapajua."

Nilimwambia pole. Nikamwaga chozi njiani, juu ya pikipiki, na hata hilo chozi nililihesabu kama malipo.

Baada ya hapo usingizi ulipungua, nikawa nasoma kwenye simu. Sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia kwamba wazee huanguka wenyewe. Nikakuta kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba anguko baya huwapata zaidi waliovuka miaka 60. Kwa usiku mmoja takwimu hiyo ilinipoza: Bibi ni mmoja katika wengi. Usiku wa pili nikasoma jinsi mtu anavyotembea. Kwenye sakafu tambarare, mguu ukiwa unapita kwenda mbele, ncha yake huwa juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili tu, hata mtu awe kijana. Mguu haupandi, unaambaa. Nikanyoosha kidole cha shahada mbele ya mwanga wa simu nikautazama unene wake. Ndicho kilichokuwa kimo cha ile ncha nilipoiona mara ya mwisho.

Nikaendelea, maana nilishashikwa. Marekani wana vipimo vya majengo vya mwaka 2010 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Humo wameandika kwamba kapeti lifungwe imara, kwamba ukingo wake ulio wazi ukazwe sakafuni na uwekewe kizuizi urefu wake wote, na kwamba kinyanyuko cha ghafla njiani kisizidi milimita 6 na kidogo, yaani pungufu ya unene wa penseli. Watu wameketi, wakajadili, wakapitisha sheria juu ya kitu ambacho mimi nilikikanyaga kwa kisigino nikapanda bodaboda. Macho ya Bibi hayakuwa na kesi yoyote. Hakuna mtu, hata awe na macho ya tai, anayetazama vidole vyake anapotoka mlangoni kwake mwenyewe na chai ya mgeni mkononi.

Nilirudi Ringwani mwezi wa sita, kiangazi, barabara ni vumbi tupu. Nilikuwa nimenunua kipande cha aluminiamu kwa hela yangu, chenye mgongo wa kuinama pande zote mbili ili mguu upande na kushuka bila kugonga. Nilimwambia Bibi nimepita kuangalia kapeti. Hilo nalo lilikuwa uongo, na nilishajiandalia njia ya kutokea: nitatengeneza, nitaaga, basi.

Ule ukanda ulitoka kwa kuvutwa na vidole viwili. Chini yake kulikuwa na mchanga mwekundu wa kujaza kijiko cha chai, na gundi ilikuwa imekauka upande wa kapeti tu, kwenye niru haikuacha hata alama. Haikuwahi kushika. Nikakwangua, nikapiga msasa mpaka ule ung'aavu ukafa na saruji ikawa na makwaruzo, nikafuta kwa kitambaa kibichi, nikaacha pakauke.

Ukanda wa vidole vitatu haufai hata ukibandikwa na malaika. Ni mwembamba mno, hauna eneo la kushikia. Dawa yake ni kurudi nyuma, ukate kapeti zima ndani zaidi, kisha uweke kipande kipana kinachojitegemea. Nilihitaji baki, na baki lilikuwepo: Bibi alikuwa amelikunja mara nne akalifanya la kukalia juu ya kigoda chake. Nilipomwomba akainuka, akalikung'uta, akanipa, akakaa kwenye mti mtupu wa kigoda.

Nikalipapasa baki mpaka nikapata mlalo wa manyoya, nikachora mshale wa chaki mgongoni, nikachora mwingine kama huo kwenye mgongo wa kapeti la sebuleni. Kipande nikakilaza juu ya kapeti kikalipanda kidogo, nikaweka ubao ulionyooka, nikapitisha kisu kipya mara moja kikakata vyote viwili kwa pamoja. Ukikata hivyo hata mkono ukitetemeka, vipande vinatetemeka pamoja na vinakutana. Chini ya kiungo nikatandaza utepe wa turubai, gundi pande zote mbili, nikasubiri ipoteze unyevu mpaka kidole kikawa kinanata bila kuchafuka, ndipo nikavishusha, nikavikandamiza kwa mgongo wa nyundo kuanzia katikati kwenda nje. Nikachana manyoya kwa vidole. Nilikuwa napajua mahali ulipo mshono na bado niliutafuta.

Mlangoni nikatoboa sakafu matundu manne, nikaingiza plagi, nikalaza aluminiamu, nikakaza skrubu mpaka vichwa vikazama. Mlango ulikuwa unagusa kidogo. Nikaung'oa kwenye bawaba, nikaupiga randa chini, nikaurudisha. Kisha nikavua viatu, nikapita pale mara nyingi nikiburuta miguu kwa makusudi, kwenda na kurudi. Hapakuwa na kitu cha kunishika. Kazi yote ilichukua kama saa nne na kitu. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimeokoa saa hizo nne.

Nilikuwa nimeshafunga begi Bibi alipokuja na kuku amemfunga miguu kwa kamba ya katani. Tembe, mweusi, mzito. "Hujadai hata shilingi," akasema. "Umekuja mwenyewe kwa moyo wako. Mchukue ukale na watoto."

Kama angenipa maji ya kunywa ningekunywa nikaondoka, na hadi leo asingejua. Kuku nilishindwa. Nilimwambia sitamchukua, akadhani namdharau, akaanza kunieleza kwamba anataga vizuri. Nilikuwa nimesimama, nikaona si adabu kusema nikiwa juu yake, nikachuchumaa mbele ya kigoda.

"Bibi, siku ile hukuangushwa na miguu yako. Kapeti nilikata fupi, nikaliunga vibaya. Niliona limeinuka, nikaondoka. Na hela ya hiki chuma mwanao alinipa tangu mwanzo. Niliila."

Hakujibu. Alikuwa anaukunja na kuukunjua mkono wa kulia, polepole. Mfupa uliunga kwa kupinda kidogo na kifundo hakirudi nyuma kama zamani. Kuku alikuwa anahangaika mapajani mwake.

"Kwa hiyo ulijua, mura."

"Nilijua, Bibi."

"Hata ulipokuja kufunga bomba."

"Hata siku hiyo."

Akamwekea kuku mkono mgongoni mpaka akatulia. Kisha akageuza uso kuelekea uani, akamwita mjukuu wake, ambaye alikuwa ametoka shule na bado hajavua sare. Alipofika akamsimamisha kati yetu, akaniambia, "Huyu alichapwa. Mwambie na yeye."

Nimewahi kudaiwa mbele ya watu, nimewahi kusimamishwa mbele ya baraza la kijiji kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Hakuna nilipoona maneno mazito kama pale, kumweleza mtoto wa miaka minane. Nilimwambia kapeti hakulibandua yeye, lilibanduka kwa sababu sikulifunga vizuri, na kwamba nilipoambiwa amechapwa nilinyamaza. Alinisikiliza huku akitazama mlango, siyo mimi.

"Nilisema si mimi," akamwambia bibi yake.

"Ulisema," Bibi akajibu.

Mtoto akarudi uani. Bibi akamfungua kuku kamba, akamwachia, akaingia ndani. Sikuambiwa nimesamehewa na sikuona haki ya kuuliza.

Mwanawe nilimpigia jioni hiyo hiyo nikiwa Mugumu, kabla ujasiri haujaniisha. Nilimweleza yote kwa mpangilio huu niliouandika hapa, hela kwanza. Alikaa kimya kwa muda hata nikatazama simu kama imekata. "Nimempeleka mama kupimwa macho mara mbili, fundi," akasema. "Nimemnunulia miwani. Anaivaa ili kunifurahisha." Halafu akakata. Nilimrudishia ile 15,000 pamoja na fedha ya bomba. Ilipokelewa, sikupata neno. Kazi kwake sijapata tena, na watu wawili wa ukoo wao walioniahidi kazi wamechukua mafundi wengine. Sina malalamiko juu ya hilo.

Siku hizi nikipita Ringwani kwa kazi nyingine huwa naingia kumsalimia. Nyumba mpya anakaa, sebuleni anaketi, chai ananipa. Kapeti limetulia, juzi nilipiga goti mlangoni nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikapitisha kiganja kutoka kwenye manyoya hadi kwenye aluminiamu hadi kwenye saruji, hakikukwama popote. Nilikuwa bado nimeinama Bibi alipotaka kutoka. Alifika mlangoni akasimama. Akaishika fremu kwa mkono wa kushoto, akauinua mguu wa kulia juu, juu kabisa, kama mtu anayevuka gogo, akaupeleka mbele na kuushusha taratibu upande wa pili.